Hatua Tatu Kutoka Altareni

Shubra, Kairo
12 Oktoba 1957

Dada yangu Galila,

Mimi nimefika salama, ila suruali yangu haikufika salama. Ile chupa ya asali ya miwa uliyoifunga ndani ya kapu ilipasuka tulipopita Minya, nikashuka stesheni nikisindikizwa na nzi kama bibi arusi na watoto wa mtaa. Mbusu baba mkono kwa niaba yangu. Mwambie nimekipata chumba kile kile kwa Umm Ramzi, na kwamba huyo mama bado anazima taa kabla wapangaji hawajavua viatu.

Sasa nikueleze jambo. Unakumbuka mwaka jana nilivyokuwa nikienda Misani kwa sababu tu baba angeuliza. Nilikuwa Mkatoliki kama mtu anavyokuwa na pua: hakuichagua, wala haiwazi. Basi wiki ya kwanza ya masomo, Ayad, mwenzangu wa darasa la falsafa, alinipeleka kwa watawa walio mitaa miwili kutoka kwetu. Kila Alhamisi alasiri vijana hukutana pale, wavulana wanane na wasichana wanne, na mtawa mmoja aitwaye Abuna Klemensi, Mmisri mwenzetu aliyesomea Ulaya. Kuna maktaba, Galila. Ukuta mzima hadi darini. Tunasoma kitabu kimoja kwa mwezi, kisha tunakijadili mpaka chai inapoa. Tumeanza na mababa wa jangwa letu wenyewe, watu waliozaliwa vijijini kama kwetu, waliokula mkate na chumvi, na bado ulimwengu mzima unawasoma. Nilikuwa sijui. Nimekaa miaka ishirini karibu na kisima na sikujua kina maji.

Nakutumia kitabu cha mtawa mmoja wa kike wa Hispania. Kisome, uniambie.

Na lingine. Nasikia masista wa Asyut wamekuandikia mara ya pili wakikupa darasa la kufundisha, nawe umekataa tena. Usiniambie ni kwa ajili ya baba. Baba anabeba ndama begani. Unajizika, dada, na una miaka ishirini na saba tu.

Ndugu yako,
Fanusi

*

Kom Bekhit
9 Novemba 1957

Fanusi, mwana wa mama yangu,

Barua yako ilinikuta na pamba mikononi, na ndiyo maana jibu limechelewa. Sote wazima. Nyati wetu wa maziwa amezaa jike. Shangazi Wagida ameng'olewa jino na sasa anazungumza kama anayepuliza moto. Nimemsomea baba barua yako mara mbili, na hapo pa suruali akataka mara ya tatu. Alisema nimsomee tena huyo mwenye nzi. Kisha aliichukua karatasi, akaitazama yeye mwenyewe juu hadi chini, kama kawaida yake, akaikunja vizuri kana kwamba ameisoma.

Kitabu nimekimaliza. Yule bibi wa Hispania nimempenda. Anaandika kama mtu aliyeacha sufuria motoni na anajua lazima arudi. Hapo anaposema kuhusu ukavu wa sala sikumwelewa mara ya kwanza, nikarudia nikiwa nachota maji, nikamwelewa. Nitumie kingine.

Abuna Makari alinipa salamu zako baada ya Misa. Aliuliza kama huko Kairo watu bado wanasoma vitabu au wanavipanga tu.

Kuhusu Asyut, nina kazi hapa. Usiniulize kazi gani, kwa sababu ukiniuliza nitakudanganya, na mfungo wa Noeli unakaribia.

Vaa flana ya sufi. Baridi ya Kairo ni ya hila.

Dada yako,
Galila

*

Kairo
15 Desemba 1957

Dada yangu,

Nimeivaa flana, na Ayad ameniuliza nimemchuna kondoo gani. Hongereni kwa ndama. Mwambie shangazi asukutue kwa maji ya chumvi.

Sijui nianzie wapi. Mwezi uliopita nilifanya kitubio changu cha kwanza cha kweli, saa nzima. Tangu hapo kila ninachosoma kinanisema mimi. Nimeanza kufikiri, na hili usimwambie baba bado, kwamba labda nitaomba kuanza unovisi, majaribio ya utawa, kwa watawa hawa. Abuna Klemensi anasema anaweza kulipeleka jina langu mwezi wa Septemba.

Na furaha nyingine: kikundi chetu cha Alhamisi kimetoa jarida. Ni kurasa ishirini na nne tu, lakini tumelipeleka kwa maaskofu wote na kila nyumba ya watawa kuanzia hapa hadi Aswan. Makala ya kwanza ni yangu. Inaitwa "Imani Isiyosoma." Abuna Klemensi aliisoma mbele ya wote wakacheka, kisha wakanyamaza, na ndivyo nilivyotaka. Nakunukulia hapo walipocheka:

"Namjua padri mmoja wa mashambani, mtu mwema, mwenye mahubiri matatu: ya kisima, ya mbegu, na ya jirani mbaya. Huzunguka nayo mwaka mzima kama ng'ombe wa gurudumu la maji. Sikukuu moja nilimwona akiinua Injili kichwa chini, akasoma ukurasa mzima bila kukwama hata mara moja. Huo ndio Ukristo wetu: tunakijua kwa moyo kitabu tusichokisoma."

Usikasirike. Sikutaja jina wala kijiji. Namheshimu Abuna Makari, ndiye aliyenibatiza. Lakini lazima mtu aseme. Nakala yako nimeiweka humu. Usimwonyeshe yeye, ingawa kama angeielewa labda angefurahi.

Noeli njema. Mbusu baba mkono.

Fanusi

*

Kom Bekhit
2 Februari 1958

Fanusi,

Natumaini u mzima. Sisi tu wazima. Ndama anakua. Shangazi anaongea vizuri tena, na baba anasema heri lile jino lingetoka pamoja na ulimi.

Jarida lilifika. Nimelisoma.

Abuna Makari aliitwa kwa askofu mara mbili mwezi uliopita. Mara ya pili hakurudi. Wamesema amepelekwa kupumzika. Misa itakuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, padri atatoka Tahta. Baba ndiye anayekaa na ufunguo wa kanisa.

Usinitumie kitabu kingine kwa sasa. Sina muda wa kusoma.

Galila

*

Kairo
20 Februari 1958

Dada mpendwa,

Barua yako ilikuwa fupi kama simu ya upepo. Nimeigeuza nyuma nikidhani umeendelea huko. Mnaumwa na hamsemi? Baba hajambo?

Nimesikitika kusikia Abuna Makari amestaafishwa, ingawa lazima tuseme ukweli, ulikuwa wakati wake. Huenda askofu akatuletea kijana aliyesoma. Hebu fikiria, Galila, mahubiri ya nne!

Hukuniambia umeionaje makala. Hapa watu wamelinakili lile la kitabu kichwa chini, wanalirudia hadi kwenye mabaraza ya chuo. Nataka maneno yako kuliko ya wote hao. Wewe ndiwe uliyenifundisha kusoma.

Kwaresima njema,
Fanusi

*

Kairo
24 Machi 1958

Galila,

Nilikuandikia, na mwezi mzima umepita hujajibu. Naandika tena bila kungoja. Msalimu baba.

Jumapili iliyopita Abuna Klemensi alitupeleka kuwatembelea mapadri wazee katika nyumba yao huku Kairo, kama tendo la Kwaresima. Tulichukua machungwa. Uani, kwenye benchi lenye jua, alikuwa ameketi Abuna Makari na kanzu yake ile yenye kiraka begani.

Nilisema tu "Amani kwenu," kwa wote. Akainua kichwa na kusema kwamba huyo ni mwana wa Wisa, kwa maana anaburuta mguu wa kulia. Akanyoosha mkono, lakini aliunyoosha pembeni, mahali nisipokuwepo. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilimtazama machoni kwa mara ya kwanza, nadhani, maishani mwangu. Macho meupe, dada. Kope zimegeukia ndani.

Alinishika mkono muda mrefu. Aliuliza habari za pamba, za nyati, za baba. Aliuliza habari zako mara tatu. Kisha akasimulia, bila uchungu, kama mtu anayesimulia mvua ya mwaka juzi, kwamba kuna jarida la vijana liliandika kuhusu padri anayesoma kitabu kichwa chini. Katibu wa askofu aliwahi kuyasikia mahubiri ya kisima, akamtambua. Askofu akamwita, akamfungulia kitabu, akamwomba asome mstari mmoja tu. Hakuweza.

Kisha akaniuliza: "Ninyi wasomi mnajuana. Unajua ni nani aliyeandika?"

Nikasema sijui.

Ayad alikuwa amesimama karibu yangu na machungwa mkononi. Alisikia. Hakuniangalia tangu pale hadi tuliporudi.

Galila, tangu lini haoni? Na wewe ulijua? Kwa nini hukuniambia?

Fanusi

*

Kom Bekhit
19 Aprili 1958

Fanusi,

Pasaka imepita. Tuliimba wenyewe, padri wa Tahta alichelewa, akaondoka kabla mishumaa haijafika nusu. Ndama amekanyagwa na mama yake na anachechemea. Nimemaliza habari za nyumbani. Sasa nakujibu.

Ni miaka saba. Ugonjwa wa vikope ulimla macho polepole. Kwanza herufi, kisha sura za watu, kisha kila kitu isipokuwa mahali dirisha lilipo. Aliogopa wakijua watamwondoa, na alijua hakuna mwingine wa kuletwa, mapadri ni wachache na sisi ni nyumba arobaini tu. Ibada yote aliijua kwa moyo. Kilichokuwa kinabadilika ni Injili. Basi akanitafuta mimi. Kila Jumamosi alasiri nilikwenda kwake, dada yake mzee Mirit akiwa pale anachambua dengu, nikamsomea Injili ya kesho yake mara tatu, mara nne, mpaka ikamwingia. Asubuhi aliinuka akaisema mbele ya watu macho yakiwa ukurasani. Aliniapisha nisimwambie mtu. Hata baba hakujua.

Hiyo ndiyo kazi niliyokuambia usiulize. Hiyo ndiyo sababu sikwenda Asyut mara ya kwanza, wala ya pili.

Mahubiri matatu, ndiyo. Hakuweza kusoma mapya, na hakutaka kubuni mambo asiyoyahakiki. Aliniambia mtu asiyeona asitembee njia asiyoizoea akiwa amewabeba wengine mgongoni.

Sasa hili ndilo gumu kuandika. Jalada la Injili ni sawa mbele na nyuma, unalijua. Nilikuwa nimeshona fundo la uzi pembeni, juu, ili aligusapo ajue kichwa kiko wapi. Wiki ile ya sikukuu ya Agosti uzi ulikatika. Niliuona siku ya Alhamisi, nikasema nitaushona kesho. Kesho yake nilikuwa nakuokea mkate wa sikukuu. Keshokutwa nikasahau. Jumapili nikiwa upande wa wanawake nilimwona anainua kitabu kichwa chini. Lakini aliendelea bila kukosea neno, na watu wote walikuwa wameinamisha vichwa. Nikasema asante Mungu, hakuna aliyeona.

Kumbe wewe uliona.

Kwa hiyo usidhani sikukujibu kwa sababu ya hasira peke yake. Kila nilipoanza kukulaumu nilifika kwenye uzi ule, nikaweka kalamu chini.

Askofu si mtu mbaya. Mirit anasema alimsindikiza Abuna hadi mlangoni mwenyewe akamshika kiwiko. Lakini Jumapili tatu kati ya nne kanisa limefungwa. Nyumba ya Hanin wameanza kwenda kwa Waorthodoksi, na siwalaumu, huko angalau kuna kengele. Wengine huja kwetu, nasali nao rozari uani. Jumapili iliyopita tulikuwa kumi na mmoja.

Umesema hujui ni nani aliyeandika. Mimi nilimwambia Mirit hivyo hivyo.

Galila

*

Kairo
1 Juni 1958

Dada yangu,

Barua yako nimekaa nayo wiki sita. Mara nne nimeanza kukujibu, nikachana. Nakuomba msamaha kwanza kwa ukimya huu, halafu kwa yale mengine, ambayo sijui yanaombewaje.

Niliacha kwenda Alhamisi. Vitabu vilinikaa mbele kama watu walionijua. Nikifungua popote, hata kwa mababa wa jangwani, nilikuta onyo juu ya ulimi wa mtu aliyesoma kidogo. Nilikuwa nimepiga mistari chini ya maonyo hayo hayo kwa penseli, na pembeni nikaandika "zuri sana." Sikuweza kusali. Nilikwenda kanisani nikakaa nyuma kama mtu anayengoja basi.

Kitu pekee nilichoweza ilikuwa kurudi kule. Kila Jumapili baada ya Misa nakwenda kwa Abuna Makari, namsomea. Nilianza na wale waandishi wakubwa nikidhani nampelekea karamu. Hapo wanapopanda juu sana, analala. Wakitaja mkate au mbuzi, anaamka. Mmoja aliyeandika kurasa nyingi juu ya subira alimfanya aniulize kama mtu huyo aliwahi kulea mtoto. Nilisema hapana, alikuwa mtawa. Akasema basi tumsamehe. Lakini yule bibi wako wa Hispania anamtaka kila mara. Anasema ana harufu ya jikoni.

Wiki tatu zilizopita aliniomba nimsomee lile jarida. Alisema askofu alimsomea sentensi moja tu, na mtu akisemwa angependa asikie yote. Nilisema nitalitafuta. Galila, lilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nalibeba tangu Machi.

Jumapili iliyofuata nikamsomea kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Sikuruka kitu. Nilipofika kwenye jina chini ya makala, nikalisema pia. Fanusi Wisa.

Kisha akasema imeandikwa vizuri, na kwamba hapo pa ng'ombe wa gurudumu, Mungu anajua, amecheka moyoni. Nikaanza kulia na kusema maneno mengi, kwamba sikujua, kwamba sikukusudia. Akanigusa goti ninyamaze.

"Nilijua ni wewe tangu kwa askofu," akasema. "Siku ile ya sikukuu ni wewe uliyenishikia mshumaa wakati wa Injili. Ulikuwa hatua tatu kutoka altareni. Uliona kitabu kimepinduka. Kwa nini hukuja ukakigeuza?"

Nilidhani atalingoja jibu, dada. Hakulingoja. Aliniomba nimsomee tulipoachia juma lililopita.

Nimemwambia Abuna Klemensi kila kitu. Naye ana lake la kujutia, kwa maana ndiye aliyeicheka kwanza na kuipiga chapa. Jina langu halitapelekwa Septemba. Alisema tungoje mwaka, na hakuniambia kama anaona baada ya mwaka itakuwa ndiyo. Sikumuuliza.

Nimerudi Alhamisi. Nakaa karibu na mlango na sizungumzi sana. Ayad ananiwekea kiti.

Mwambie baba ukweli, kama hujamwambia. Sitaki asikie kwa mwingine. Naweza kuja kwa sikukuu ya Bikira mwezi wa nane?

Fanusi

*

Kom Bekhit
8 Julai 1958

Mdogo wangu,

Joto limetuua. Shangazi Wagida analala juu ya paa na anagombana na njiwa. Ndama amepona mguu.

Nilimsomea baba barua yako yote, siku ya Ijumaa, mlangoni. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliichukua karatasi kama kawaida, lakini safari hii hakuitazama, aliikunja tu. Akaniuliza kama Abuna alikuwa anamsikia siku zote hizo bila kumwona. Nikasema ndiyo. Akaniambia: "Nimemkabidhi divai na mishumaa miaka saba, na sikujua. Sasa mwanangu mimi ndiye aliyemtoa." Akaenda kumwagilia, mchana huo wa jua kali ambao hakuna anayemwagilia. Tangu siku hiyo hataki nimsomee barua zako.

Kwa hiyo usije kwa sikukuu. Si mimi ninayekukataza. Watu nao bado wanazungumza, maana padri wa Tahta alilisema mbele yao akidhani wanajua.

Mimi nimekusamehe, kama ulitaka kujua, na bado nimekasirika. Vyote viwili vinalala kitanda kimoja, na ndivyo vitakavyozoeana.

Nimewaandikia masista wa Asyut. Wamekubali. Miaka saba nilikuwa nikiota siku ile nitakayopanda treni ile, na sasa tiketi hiyo nitaikata kwa sababu Jumamosi alasiri sina pa kwenda.

Mfikishie Abuna salamu zangu. Mwambie uzi niliushona. Nilishona siku wanamchukua, nikiwa sijui nifanye nini na mikono yangu.

Galila

*

Kairo
20 Agosti 1958

Dada Galila,

Nakuandikia ingawa tulionana juzi, kwa sababu tulionana bila kuzungumza.

Ulitaka kujua alivyokufa, nikaona umeniangalia kisimani, na mimi nikageuka. Alikufa Jumanne baada ya chai. Nilikuwa nimekwenda siku isiyo yangu, sijui kwa nini. Nilikuwa namsomea, akasema "rudia hapo," nikarudia, na nilipoinua macho alikuwa ameshaondoka. Yaliyokuwa yakisomwa hayakuwa makubwa. Yule bibi alikuwa anaeleza jinsi walivyopata nyumba yenye paa linalovuja. Salamu zako nilimpa Julai. Nilipofika kwenye uzi alitabasamu, akasema, "Msichana huyo ana mikono isiyokubali kushindwa."

Alikuwa ameomba azikwe Kom Bekhit. Nilisafiri na jeneza katika behewa la mizigo, mimi na magunia ya vitunguu. Tahta stesheni nilimwona baba amesimama na wanaume sita. Hakunisalimia. Alishika mti wa mbele wa kubebea jeneza, mimi nikaja nikashika wa nyuma yake, na hakuna aliyenizuia. Njia yote ile hadi kijijini nilikitazama kisogo chake. Ameota mvi, Galila. Hukuniandikia hilo.

Pale kaburini padri aliniuliza kama nitasema neno, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa kijiji. Nilikataa. Nilitupa udongo kama wengine. Na ajabu ni kwamba hapo hapo, kwa mara ya kwanza tangu Machi, nilisali. Si maneno ya kitabu chochote. Nilisema tu "nipo hapa," nikanyamaza.

Baada ya mazishi nilingoja kwenye baraza letu. Baba alipita mbele yangu mara moja, akaingia ndani, akatokea mlango wa nyuma, hakurudi. Nilikaa nusu saa. Nikaona hilo ndilo jibu lake, nikachukua kapu langu nikaondoka na treni ya alasiri ili nisimlazimishe kunifukuza kwa maneno. Nisamehe sikukuaga. Ulikuwa na wanawake kwa Mirit.

Sijui kama nitakuwa mtawa. Sijui kama nitaandika tena. Najua tu kwamba nyumba ile ina wazee tisa waliobaki, na mmoja wao, Msiria, ananikosoa matamshi kila mstari.

Nenda salama Asyut.

Fanusi

*

Kom Bekhit
29 Agosti 1958

Fanusi, mwana wa mama yangu,

Nimeipata barua yako jana, na nimeisoma peke yangu. Mirit amehamia kwa shangazi Wagida, nao wawili sasa wanagombana na njiwa pamoja.

Sikiliza vizuri, maana hili sitaki ulielewe nusu.

Baba alipopita mbele yako akatokea mlango wa nyuma, alikuwa amekwenda kuchinja bata. Yule mkubwa, mweupe, aliyekuwa akimweka kwa arusi ya binti wa Wagida. Alimchinja mwenyewe, akamnyonyoa mwenyewe, mikono yake ikiwa na udongo wa kaburi. Mtu hamchinjii bata mwana aliyemfukuza. Nilipotoka kwa Mirit nilimkuta amesimama barazani na bata mkononi, anakitazama kile kiti ulichokalia. Bata alikuwa bado ana joto.

Akaniuliza umekwenda wapi. Nikasema labda stesheni. Akaweka bata juu ya kiti, akavua viatu ili aende haraka, akashika njia. Ana miaka sitini na tatu. Alifika treni ikiwa imetoka. Msimamizi wa stesheni anasema alikaa kwenye benchi mpaka treni nyingine ikapita, ile iendayo kusini, akaitazama watu wakishuka wote. Kisha akarudi.

Bata nilimpika, tukamla, na sehemu yako aliitenga kwenye sahani. Kesho yake asubuhi bado ilikuwa pale. Nikawapa kuku.

Jumatatu naenda Asyut. Sanduku liko tayari mlangoni, na baba analizunguka kama lina kitu ndani kitakachoruka. Hapa hakutakuwa na mtu wa kumsomea tena, na kwa padri wa Tahta hataki kupeleka mambo ya nyumbani. Kwa hiyo usimwandikie. Hata ukiandika kurasa ishirini, ataikunja karatasi vizuri na kuiweka chini ya mto, na hatajua ulisema nini.

Treni ya asubuhi ikitoka Kairo inafika Tahta alasiri. Njoo, Fanusi. Usifike ukangojea barazani. Ingia ndani umtafute.

Dada yako,
Galila